Nyumba Yenye Mlango wa Buluu

Saa sita kasorobo mchana, na Primitiva bado anapaka rangi madirisha huku wateja wamejaa mezani kwake. Huyu anataka ghorofa moja, yule mbili. Nyumba za plasta za kuenea kiganjani. Ni siku ya Alasitas, na La Paz nzima imetoka kununua matumaini yakiwa bado madogo: vigari, vyeti vya chuo, masanduku ya safari. Kitu chako kibarikiwe saa sita kamili, na Ekeko, yule mzimu wa neema mwenye sharubu, atakuletea kikubwa chake. Ukichelewa, ngoja mwakani.

Miaka kumi na tisa Primitiva anauza nyumba, na miaka hiyo hiyo anapanga chumba kinachovuja. Yake hajawahi kuibarikisha: saa sita ndiyo saa ya mauzo, meza amwachie nani? Ila safari hii binti yake, Nayra, alimnunulia nyumba kwa fundi mwingine, maana ya kujitengenezea haifai kitu, lazima upewe. Ni ndogo, ina mlango wa buluu. Primitiva ameificha chini ya meza, ndani ya kofia yake.

Nani anatokea? Basilia, mke wa kaka yake.

"Wifi! Bado upo hapa hapa tu?"

"Nitaenda wapi, wifi?"

Miaka minne nyuma Basilia alinunua ghorofa tatu kwenye meza hii hii. Leo anazo za kweli kule juu El Alto, na vioo vya kijani. Madirisha yale Primitiva aliyachora kwa mkono wake! Kila akipita pale roho inamuuma mpaka anakosa hamu ya kula. Wivu, ndiyo, wivu, asingizie nini?

"Mwaka huu nataka hoteli," Basilia akasema. "Kaka yako ananiita mroho. Nikamwambia, mbona Ekeko hajalalamika?"

Primitiva akampa hoteli ile aliyosahau kuiwekea ngazi.

Mara mgambo wa jiji akafika na daftari lake.

"Mama, kibali."

Akamwonyesha.

"Meza imevuka mstari. Sogeza. Na ikikutwa haina mtu, inapakiwa lorini."

"Mstari gani? Jana haukuwepo."

"Umechorwa leo asubuhi."

Primitiva akaburuta meza nyuma, na kofia ikaonekana. Zilibaki dakika tatu. Mganga wa kubariki na chetezo chake walikuwa hatua thelathini tu kutoka pale.

"Kumbe na wewe unayo!" Basilia akainama. "Lete nikupelekee, wifi, nizibarikishe pamoja."

Alisema kwa wema, Primitiva alijua. Lakini akawaza mkono ule wenye pete ukiishika nyumba yake, akahisi moshi utaujua mkono ule tu, na baraka itakwenda kwa Basilia.

"Ghorofa tatu, hoteli, na hii pia uitake?"

"Khaa! Mtu anakusaidia, unamrushia maneno?"

"Basi nishikie meza."

"Saa hizi? Na hoteli yangu je?" Basilia akajitoma kwenye umati.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Primitiva akamtazama mgambo. Mgambo akatazama saa yake. Primitiva akachukua kofia, akaondoka.

Mganga akamwagia nyumba divai na maua, akaizungusha kwenye moshi. Primitiva aliomba kitu kimoja: mlango ambao ufunguo wake atakuwa nao yeye peke yake.

Aliporudi, meza ilikuwa juu ya lori. Nyumba zake zilikuwa zimerundikwa humo, kuta zimevunjika, na rangi ya madirisha ilikuwa haijakauka.

"Nilikwambia, mama," mgambo akasema.

Primitiva hakulia. Akaiweka ile nyumba ndogo chini, ndani ya mstari, akakunja sketi zake, akaketi kando yake.

"Mama, hapa huuzi bila meza."

"Nani anauza? Hapa ni kwangu," akasema Primitiva. "Piga hodi kwanza."