Misumari Puani mwa Ndege

Madaktari walishanawa mikono. Kaka mtu, fundi redio ambaye zamani hakuishiwa maneno, alirudishwa nyumbani akiwa mifupa mitupu, na alitaka kitu kimoja tu: kuiona ndege yake ikipaa kabla hajafa. Ilikuwa ndege ndogo ya rimoti, aliyoichonga kwa povu gumu la kufungia friji, akaugua kabla ya kuisawazisha.

Kazi hiyo ikamwangukia mdogo wake, fundi viatu. Bwana huyu alikuwa na mikono ya dhahabu na kichwa kigumu kama soli ya buti, kukosolewa kulimchoma. Alisimamisha penseli mbili juu ya kipande cha ubao, vifutio vikitazama juu, akaipandisha ndege hapo, kila kifutio chini ya bawa moja, theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukashuka. Akatia misumari ya viatu puani, mmoja mmoja, hadi ndege ikatulia, haiinami mbele wala nyuma. Akaigandisha misumari kwa gundi na kujisifu kimoyomoyo. Muda wote huo betri ilikuwa jikoni, inachajiwa.

"Umepima betri ikiwa ndani?" kaka aliuliza kutoka kitandani.

Ndipo alipokumbuka. Betri hukaa puani, nayo ni nzito kuliko misumari yote ile. Lakini kuing'oa misumari hiyo kungekula saa nzima, na upepo ulishaanza kuamka. Tena aibu! Kupima betri ikiwa ndani ndilo jambo la kwanza kabisa alilofundishwa na kaka yake.

"Ilikuwa ndani, kaka. Kwani mimi mtoto?"

"Haya. Nakuamini, mdogo wangu."

Shemeji akamwegemeza mumewe kwenye mito, dirishani, mbele ya uwanja wa nyuma. Fundi viatu akachomeka betri, akajiambia misumari kumi na miwili si kitu, akairusha ndege. Ilikwenda hatua kumi hivi. Akavuta kijiti cha rimoti mpaka mwisho, lakini pua ikagoma kuinuka, ikajikita ardhini. Bawa likakatika, vipande vya povu vikatapakaa kwenye majani.

Alirudi chumbani amevikumbatia. Kaka alinyoosha mkono, akaipapasa pua mpaka kidole kikagusa vichwa vya misumari. Akavihesabu, midomo ikicheza bila sauti; pua yenye betri isingehitaji misumari kumi na miwili.

"Ungeniambia tu," alisema. "Saa moja ningekusubiri."

"Nisamehe, kaka. Nitaunda nyingine, wiki hii hii..."

Kaka akageukia ukuta.

Aliishi siku nne zaidi. Aliongea na mkewe, akaongea na muuguzi, akamtania hata jirani aliyeleta maziwa. Fundi viatu alishinda kwenye kigoda kando ya kitanda, akimnywesha maji kwa kijiko. Kaka aliyanywa, asimwambie neno mpaka alipokata roho.