Kipimo Nyuma ya Leso

Mama alifika kwetu Frere Town akitoka Mwakirunge kwa miguu, akashika ukuta asianguke. Sukari ilikuwa imemharibu macho tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe. Sasa kichwa kilimgonga na ulimi ulikuwa mzito. Dadake alianza vivyo hivyo, tukamzika.

Daktari alikuwa safarini. Mashine ya kupima msukumo wa damu alikuwa nayo mume wangu, Randu, dresa, msaidizi wa daktari zahanati. Lakini kwetu Wagiriama mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hata usoni hamtazami.

"Afadhali nife na heshima yangu," Mama akasema.

"Utazikwa nayo basi. Kaa hapo."

Nikatundika leso mlangoni. Randu akaketi upande wa pili, mipira ya kusikilizia masikioni, kisahani chake kikapitishwa chini ya leso. Nikamfunga Mama mkanda mkononi, nikabana kisahani penye kiwiko.

"Piga pampu, Mama Mapenzi," Randu akaniambia, kwa jina la mtoto wetu.

Zebaki ikapanda kwenye kioo.

"Legeza polepole. Nikisema 'hapo', soma."

Mama akacheka. "Mkwe anadukiza damu yangu kama mwizi dirishani."

"Nyamaza, Mama."

Nikalegeza. Zebaki haijashuka sana, Randu akasema, "Hapo!"

"Mia mbili na arobaini."

Randu alikuwa ameniambia kwamba mia na hamsini tayari ni nyingi.

"Umekosea. Rudia."

Nikarudia. Ikawa ile ile.

"Soma vizuri, mwanamke!"

"Namba nazijua! Sema dawa ni ipi."

Mwaka ule dawa ya hilo haikuwapo. Hata ng'ambo, hospitali kuu, wangemwambia alale na aache chumvi. Sukari alikwisha kunyimwa.

Leso ikasogezwa. Randu akaingia, macho chini, akapiga magoti mbele ya Mama. Akamshika mkono, akakaza mkanda upya, akapima mwenyewe. Mama akageuzia uso ukutani. Lakini mkono hakuuondoa.

Kipimo kikaishia pale pale niliposoma mimi.

"Rispa," Mama akaniita, bado akitazama ukuta.

"Abee, Mama."

"Waite kaka zako waje. Mkwe wangu asingenigusa kama kungekuwa na jambo lililobaki kufanywa."

Nikataka kumkatalia. Nikamtazama Randu anisaidie. Mkanda alikwisha kuufungua, lakini mkono wa Mama alikuwa bado ameushika.