Neno la Kupakua

Saa tatu asubuhi feni ya mahakama ilikuwa imekwama tena, na mkalimani alikuwa akijipepea kwa jalada. Kizimbani alisimama dobi mwenye kibanda nyuma ya soko, mtu mfupi, mpole, aliyedaiwa kuiba suti ya mkandarasi. Karani akaanza kusoma kwa Kiingereza. Alipofika kwenye neno "charge", gunia likamshukia dobi mgongoni, mikanda ikajifunga yenyewe mabegani. Askari akamsogeza kidogo asizibe mlango.

"Shtaka," mkalimani akatafsiri.

Miaka kumi na tisa alikuwa akilitafsiri neno hilo la Kiingereza. Lina mambo mengi: simu huchajiwa kwalo, muuguzi hukabidhiwa wodi kwalo, majeshi hushambulia kwalo, mwenye duka hutaja bei kwalo. Lakini kamusi yake iliyochakaa ilieleza kwamba zamani sana lilihusu kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Kwingine lilikuwa limeshasahau kwao. Pale mahakamani, bado.

Mkandarasi hakuja siku hiyo, wala tarehe tano zilizofuata. Kila mara shtaka lilisomwa upya na gunia likazidi uzito. Tarehe ya tatu mkalimani alijaribu ujanja. "Alikabidhiwa suti," akatafsiri, kwa kuwa neno lina maana hiyo pia. Mikanda ikalegea, dobi akavuta pumzi. Mwendesha mashtaka akakohoa.

"Shtaka," mkalimani akajisahihisha, na gunia likakaa sawasawa.

Dobi alijifunza kulala kifudifudi rumande. Mwezi wa nane mkandarasi akaikuta suti yake kwenye buti ya gari lake, akapiga simu mahakamani.

"Kesi imeondolewa," hakimu akasema kwa Kiingereza, akikusanya karatasi.

Mikanda haikulegea. Mkalimani akasimama. Wakasemezana kwa Kiingereza hichohicho.

"Mheshimiwa, hujatamka 'discharge'. Ndilo neno la kupakua."

"Sheria hainilazimishi kulitamka."

"Ni neno moja tu, mheshimiwa."

"Basi aliombe kwa maandishi."

Dobi alikuwa akiwatazama midomo. "Amesemaje, dada?"

"Amesema uko huru."

"Na hili?"

"Hilo uombe kwa maandishi lipakuliwe."

Mkalimani aliandika ombi mwenyewe, maana mara sita lile neno lilikuwa limepitia kinywani mwake. Masijala wakamwelekeza dirisha namba nne, la wenye mizigo. Foleni ilikuwa ndefu, na watu wake walikuwa wamezoea kusimama wakiegemeza magunia ukutani. Kila Ijumaa alirudi.

"Jalada halijashuka, dada," mtu wa dirishani alimwambia.

"Liko wapi?"

"Juu."

Dobi akafungua kibanda. Alipiga pasi akiwa ameinama hivyohivyo, na kazi ilitoka safi kama zamani. Wateja walimwuliza uzito wa gunia mara moja, kisha wakauliza nguo zitakuwa tayari lini. Waliohamia kwa dobi mwingine hawakuhama kwa sababu ya gunia. Walisema tu kwamba mtu hashtakiwi hivihivi.

Ijumaa ya kumi na moja mkalimani alipitia nyumbani kwa dobi jioni. Dobi alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, kikombe cha chai kikipoa kando ya mkono wake. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akipasua mashati ya mumewe mabegani na kuyatia vifungo ili yaweze kuvaliwa kuzunguka mikanda. Alikuwa amemaliza sita. La saba lilikuwa jeupe, jipya, bado na pini zake za dukani.

"Wamesemaje leo?" mke akauliza.

"Jalada bado liko juu."

Mke akachomoa pini moja moja, akalikunjua shati magotini na kulilainisha kwa kiganja. Akashika mkasi.

"Nikuulize wewe, dada, maana wewe ndiye unayeelewa lugha yao. Na hili nilikate?"

Mkalimani alilitazama shati. Kisha akamtazama dobi, aliyekuwa amefumba macho lakini hajalala.

"Likate," akasema.