Kamati ya Kuokoa Vijana na Gemu

Mwaka 1994, Jelimo wa kidato cha tatu alianza kurudi nyumbani jioni vidole vikimcheza juu ya meza kama bado anabonyeza vitufe. Mama yake, Jepchirchir, alijua alikotoka: dukani kwa Issack, karibu na msikiti wa Kitale, penye mashine mbili za gemu. Alimgombeza, akamnyima pesa ya matumizi. Jelimo akawa anasimama nyuma ya wenzake akiwatazama wakicheza.

Ndipo Jepchirchir akajiunga na kamati ya kuokoa vijana. Mwenyekiti, mzee Kiptanui, hakuwa ameiona mashine hata siku moja, lakini aliihutubia kamati kuihusu kwa muda wa saa mbili. Alisema inanyonya damu kupitia vidoleni. Wajumbe wakaandika. Kisha wakakata shauri la kwenda ziara ya mafunzo Bungoma, ambako walisikia vijana hawachezi gemu kabisa.

Walikodi pikapu. Mwenyeji wao, mwalimu mstaafu aitwaye Agneta, aliwaandalia ugali na kuku. Walikula, wakashukuru, wakaongezewa. Mzee Kiptanui alishaanza kupendekeza ziara ya pili. Jepchirchir ndiye aliyekumbuka kuuliza.

"Mwalimu, mlifanya nini hata vijana wakaacha?"

"Hatukufanya kitu," Agneta akasema. "Mashine iliharibika mwaka jana. Bado tunangojea fundi."

Mzee Kiptanui akamwambia katibu aandike: Bungoma imefaulu kwa subira.

Jepchirchir alirudi na aibu na shibe kwa pamoja. Kesho yake akaenda kwa Issack, maneno makali akiwa ameyapanga tayari. Alimkuta akipangusa vioo vya mashine.

"Nataka wanafunzi wasicheze mpaka Jumamosi," akasema.

Issack akafikiri kidogo. "Sawa, mama. Na Jumamosi, masaa mawili yatatosha?"

"Yatatosha. Mbona umekubali upesi hivyo?"

"Wenzako hupita hapo nje wakinilaani. Hakuna aliyewahi kuingia akaniomba. Hata mimi niko na watoto."

Kamati ilijipongeza kwa risala ya kurasa sita. Jelimo alinuna wiki nzima. Jioni moja akaja mwenyewe kumsaidia mama yake kupukuchua mahindi. Akaanza kumweleza jinsi adui wa mwisho katika gemu anavyojificha nyuma ya ukuta. Jepchirchir hakuelewa hata kidogo.

"Halafu?" akauliza, akamsogezea hindi lingine.