Feni Zilizomgeukia

Saa moja na nusu asubuhi binti alikaa kwenye benchi lake kiwandani, akavuta boksi la gia za plastiki na boksi la vipini vya chuma. Kazi yake ilikuwa shingo za feni. Kipini kinatakiwa kuingia katikati ya gia kikiwa kimenyooka, ndipo feni igeuke huku na huku. Zamani kila mmoja alikuwa na kibao chenye tundu cha kushikia kipini kisilale. Msimamizi alivikusanya vyote kwa kuwa vinachelewesha kazi, akagawa nyundo ndogo za mpira.

"Kikigoma, gonga," alisema.

Kikigongwa kinaingia, ila kinaingia upande. Gia ikikaa upande, meno yanaumana kwenye kingo tu, na plastiki inalika kidogo kidogo. Binti aliona unga mweupe chini ya feni za majaribio. Aliendelea kugonga.

Baada ya miezi mitatu feni zilianza kuacha kugeuka huku na huku. Kila iliyoacha ilimwelekea yeye. Akipita mtaani, feni ya kinyozi ilimfuata kwa shingo mpaka kona, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akalalamika joto.

"Shoga, wewe hata feni zinakutaka," alisema mwenzake anayefunga mapanga ya feni. "Mimi hata mlinzi wa getini hanioni."

Nyumbani mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Bila upepo usoni, pumzi zilimbana. Feni yake ilitoka benchi lile lile. Siku alipoiunda, binti alichagua gia isiyo na doa, akasema hii ya mama ataisukuma taratibu kwa kidole. Lakini mkono ulishazoea. Aligonga.

Sasa mchana kutwa ilipuliza kuelekea dirishani, upande wa kiwanda. Ikigeuzwa, inarudi. Chumba kilikuwa na soketi moja, na kitanda kilienea sehemu moja tu.

"Ukiwepo napumua," mama alisema. "Ukienda kazini, inakwenda na wewe."

"Niliikosea mimi, mama."

"Najua, mwanangu. Mkono wako naujua."

Binti akaenda kwa msimamizi kuomba vibao virudi, akamweleza na habari ya mama. Msimamizi alizitazama feni kumi na mbili za majaribio, zilizowaka wiki nzima bila kuzimwa. Zote zilimkodolea binti.

"Zinapuliza, hazipulizi?"

"Zinapuliza."

"Basi. Mlete mama akae hapo."

Mama aliletwa, akawekewa kiti kando ya benchi. Upepo ulimpata usoni, kifua kikatulia. Alikaa na shuka magotini, akisikiliza nyundo.

"Hicho nacho kimeingia upande?"

"Kimeingia upande, mama."

"Inakwenda kwa nani?"

Binti alisoma kibandiko kwenye katoni. "Wodi ya watoto."

Mama alivuta pumzi ndefu, safi, akaishusha.

"Haya. Gonga polepole basi."

Binti alichukua kipini kingine, akagonga kama alivyozoea.