Ndama Diwani na Macho ya Dada Schola

Kwa heshima kubwa, na kwa niaba ya Bodi ya Wadhamini, natangaza kufunguliwa rasmi kwa Taasisi ya Urembo wa Macho, Kanda ya Kewanja, yenye dhamira ya kufuta uchovu katika nyuso za wanawake wote wa wilaya ya Tarime.

Taasisi ilikuwa kigoda nyuma ya jiko letu. Bodi ya Wadhamini nilikuwa mimi, Nice binti Mogesi, kidato cha tatu, nikiwa likizo kutoka shule ya bweni kule Issenye. Vifaa vilikuwa kioo cha pikipiki kilichong'oka, sponji niliyoikata kwenye godoro la shule, na mteja mmoja ambaye hakuwa na pengine pa kwenda.

Mteja mwenyewe alikuwa dada yangu Scholastica, muuguzi wa zahanati. Chini ya macho yake kulikuwa na weusi kama mtu aliyepakwa masizi ya sufuria kwa kidole gumba. Siku nyingine jambo hilo lingebaki kati yake na kioo chake. Lakini siku hiyo alasiri alikuwa anakuja Shangazi Stefania kutoka Busawe.

Huyo ni shangazi wa Evance, mchumba wa dada. Kwao Evance hakuna ng'ombe anayetoka zizini kwenda kwa wakwe kabla mama huyo hajasema ndiyo. Mwaka juzi alikwenda kumtazama msichana mwingine, kwa ajili ya kaka yake Evance. Akanywa chai, akasema, "Macho ya huyu yanaumwa," akaaga. Posa ikafia palepale. Ndiyo maana asubuhi hiyo Evance alituma ujumbe: "Schola, nakuomba, leo usionekane umechoka. Huwa anaanza na macho."

Dada alinionyesha simu. "Nice, mdogo wangu, nikimkosa Evance kwa sababu ya macho haya, sijui nitafanyaje."

"Mgonjwa atulie," nikasema. "Inua kidevu."

Elimu yangu niliipata bwenini kwa Shani wa kitanda cha juu. Msichana mmoja wa kwetu aliumwa na nyuki kwenye kope siku ya picha ya darasa, na Shani alimtengeneza mpaka akatoka mzuri kuliko sisi tusioumwa na chochote. Kwa mujibu wa Shani, kwanza ni krimu, ili ngozi isikauke na kupasuka mistari. Kisha lipstiki ya rangi ya chungwa, kidogo tu, kwa sababu konsila, ile rangi ya kufichia madoa, ukiipaka juu ya weusi mtupu inatoa rangi ya majivu. Ndipo konsila yenyewe, kwa kugongagonga na sponji, si kusugua kama unaosha sakafu. Mwisho poda.

Dada akatoa kikopo chake cha krimu ya macho, cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, alichokinunua Tarime mjini. "Hii krimu ni ghali, lakini ina kazi," akasema. "Wiki tatu hizi ngozi imelainika mpaka nashangaa."

Nikachovya kidole kwenye kikopo. Sisi wataalamu hatupendi kuongea kazini.

Hapa inanibidi niweke wazi jambo dogo la kitaalamu. Krimu ile ya mjini iliisha siku ya tatu ya likizo, kwa sababu ambazo Taasisi haikuwa tayari kuzitaja. Ili dada asihuzunike, nilijaza kikopo kwa mafuta ya kukamulia, yale meupe tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Kama yanaifaa chuchu ya ng'ombe, inayovutwa asubuhi na jioni, yashindwe vipi na jicho la muuguzi ambalo halivutwi na mtu?

Nilipomaliza nikampa kioo. Akajitazama kushoto, akajitazama kulia.

"Nice," akanong'ona, "huyu ni mimi wa kabla ya likizo yako."

Nilichukulia kama pongezi.

Shangazi Stefania alifika saa tisa kwa bodaboda. Mwanamke mfupi, kitenge kizuri, miguuni mabuti ya mvua, kama mtu aliyekuja harusini na kukagua zizi kwa safari moja. Tata, baba yetu, alimkaribisha kiti. Dada akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Inua uso, mwanangu."

Dada akainua. Shangazi akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua meno ya fahali mnadani.

"Macho mazuri," akasema. "Mazuri sana." Kisha akaongeza, "Mazuri mno kwa muuguzi."

Mama akaleta chai haraka. Shangazi akaisukuma kando.

"Chai nitaikuta kwangu. Hapa nataka maziwa ya moto, yatoke kwenye mikono ya huyu binti, na mimi nikiona. Nani anakamua katika mji huu?"

"Kwa kawaida ni kijana wetu Method," tata akajibu. "Huyu mdogo akija likizo, Method anakwenda kwao kupumzika na mdogo anakamua. Lakini safari hii mdogo amekuja na mzio wa ng'ombe. Akiwagusa tu anavimba. Ana barua ya daktari, yenye muhuri. Kwa hiyo Schola ndiye anaamka saa kumi alfajiri, anakamua wanne, ndipo anakwenda zahanati."

"Maskini," Shangazi akasema, akinitazama mimi.

Niliinamisha kichwa kwa unyonge. Ile barua ilikuwa nzuri kweli. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi sana wakati naiandika.

Tukaenda zizini. Dada akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, ndoo katikati ya magoti, mgongo umenyooka, macho yanang'aa kama ya bibi harusi wa kwenye kalenda. Kwetu ng'ombe haachii maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, kwa hiyo tata akafungua kamba ya ndama. Ndama huyo tunamwita Diwani, kwa sababu hula kwanza na kuuliza baadaye.

Diwani akatoka mbio kumwelekea mama yake. Alipofika karibu akasimama. Akanusa hewa. Kila siku ya maisha yake chakula kilikuwa na harufu moja, ya mafuta ya kukamulia, na sasa harufu hiyo ilikuwa inatoka pande mbili. Akampita mama yake na kumlamba dada jicho la kushoto.

Ulimi wa ndama ni msasa wenye mate. Poda iliondoka kwa mlambo wa kwanza, konsila kwa wa pili. Dada hakuweza kujitetea, maana ndoo ilikuwa katikati ya magoti na mikono iko chini ya ng'ombe. "Toka, we Diwani! Toka!" Jicho la kulia lilikuwa bado liko harusini. La kushoto lilikuwa jeusi lenye michirizi ya rangi ya chungwa, kama mtu aliyepigwa ngumi na embe bivu.

Shangazi Stefania akaegemea uzio ili aone vizuri.

Nikamwona dada anafumba macho, na chozi linamtoka kwenye lile jicho la kushoto. Sikufikiri. Laiti ningefikiri. Niliruka uzio, nikamkumbatia Diwani shingoni kwa mikono yote miwili, nikamvuta, tukaanguka pamoja kwenye samadi, naye akageukia mikono yangu, maana ndiyo iliyopaka mafuta, akanilamba viganja, shingo na sikio.

Tata akaja akasimama juu yetu.

"Nice," tata akasema polepole. "Mzio."

"Unaanza taratibu, tata."

"Barua imeandika dakika mbili."

"Barua imetaja ng'ombe, tata. Huyu ni ndama."

Nikajaribu kupiga chafya.

"Chafya hiyo hata mbuzi wangu hadanganyiki nayo," Shangazi akasema. Akaingia zizini na mabuti yake, akapitisha kidole kwenye shavu la dada, akakinusa. "Mafuta ya kukamulia."

"Hapana, shangazi," dada akasema huku analia, "ni krimu ya macho, ya Tarime mjini."

"Mwanangu, nimekamua miaka arobaini."

Dada akanigeukia, jicho moja harusini, jingine msibani. Nimewahi kusimama mbele ya mwalimu wa zamu bila kutikisika, lakini macho yale sikuyaweza. Nikakiri nikiwa palepale kwenye samadi. Nikasema kwamba daktari nilikuwa mimi. Muhuri niliuchonga kwenye kiazi, bwenini, kwa wembe. Nilichotaka ni kulala tu mpaka saa mbili asubuhi, na wakati mimi nalala dada alikuwa anaamka badala yangu, na weusi ule wote niliokuwa nauficha kwa sponji niliuleta mwenyewe kwenye bahasha.

Shangazi Stefania alimfuta dada uso kwa ncha ya kitenge chake, jicho la kulia pia, mpaka weusi ukalingana pande zote. Akamtazama upya.

"Macho haya nayajua," akasema. "Haya ya kuamka saa kumi. Yangu yalikuwa hivihivi. Nilipoyaona yanang'aa vile ndipo niliogopa, nikasema hapa kuna ugonjwa umefichwa." Akaninyooshea kidole. "Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huyu. Unatibika. Mogesi, sisi tumekubali. Huyu mwingine mpe ndoo."

Dada akacheka na kulia kwa pamoja, kisha akanitupia kitambaa cha kufutia chuchu, kikanipata usoni. Tata alikuwa bado ananitazama.

"Kuna kingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Diwani akanilamba tena sikio.

"Ile krimu ya mjini, tata," nikasema. "Niliimaliza kwenye visigino."

Wote wakaangalia visigino vyangu. Hata pale kwenye samadi, vilikuwa laini kweli.