Mikono Yote Miwili

...ananiuliza tena kama aifute, Githaiga huyu wa duka la simu, kidole kiko juu ya tableti yangu ya zamani na macho yako kwangu, "Mama, nifute ama bado? Kila kitu imeshaingia kwa hii mpya," na ni kweli, nimeona picha za Muthoki zikipita moja moja, na hii simu mpya inafunguka katikati kama kitabu cha nyimbo, ikifungwa ni simu, ikifunguliwa ni tableti, kitu kimoja badala ya viwili, basi mbona ulimi umeganda, sema ndiyo wewe mwanamke, malori yote ya Mombasa yanapita nawe umesimama hapa Makindu kama nguzo ya stima... Muthoki binti yangu hasikii tangu azaliwe, kwetu simu si ya sikio, ni ya macho, tunaongea kwa ishara kwenye video, na kwenye simu ndogo vidole vyake vilikuwa vidogo kama punje za ndengu, ndiyo nikanunua tableti, na tableti nayo haina laini, lazima ivute bando kutoka kwa simu, mtu akinipigia simu tu, picha ya Muthoki inakwama, na watu wanapiga, Mzee Mulinge wa kanisani hawezi kumaliza Jumapili bila kuniuliza viti viko wapi... Jumapili iliyopita Muthoki aliketi kitandani huko chuoni, uso ameukaza, akaanza kama anavyoanza siku zote, vidole viwili puani, hilo ndilo jina lake, ishara aliyopewa na nyanya yake, mama ya mume wangu, mvuta ugoro hodari, mtoto amerithi jina langu, alisema, basi arithi na ugoro, na mimi mke wa shemasi nikaona haya mpaka nikazoea... vidole puani, kisha akainua mikono yote miwili, na Mulinge akapiga. Viti! Mikono ikabaki hewani. Nikamwandikia, ulikuwa unasema nini, akajibu, "Si ya kuandika mum. Nitakuambia na mikono." Wiki nzima sijalala vizuri, ana mimba, amefukuzwa, amepata mtu... "Hii mpya mtu akikupigia, video haikatiki," Githaiga anasema, "unamuona hapo juu, unamkataa tu," na hapo ndipo panaponitisha, kwa sababu siku nyingine picha ilipokwama nilimshukuru Mulinge kimoyomoyo, Muthoki sasa ana ishara za chuoni, za haraka, mimi nina hizi zetu za jikoni, natikisa kichwa ndiyo ndiyo na sijaelewa kitu, kisha ni mtandao mwanangu, ni tableti mwanangu... sasa hii ikifunguka hivi, pana hivi, nitasingizia nini... lakini ngoja, na mikono, alisema, chuoni amezungukwa na watu wanaojua ishara zote, na bado jambo lake zito amelishika wiki nzima linisubiri mimi, mimi wa ishara za jikoni, angekuwa anaamini sielewi si angeandika tu... ai, Muthoki, unaniamini kuliko ninavyojiamini... na tuna ile ishara yetu ya kurudia, ya kugeuza chapati, kiganja kinapinduka, alipokuwa mdogo alinigeuzia chapati kutwa nzima, mama rudia, mama rudia, nami nikarudia na unga mikononi, sikuwahi kumwona mjinga, basi kwa nini mimi nione aibu kumgeuzia yeye, nitageuza mpaka nielewe, iwe mimba, iwe kazi ya mbali, iwe mchumba, nitaiona yote, mikono yote miwili na uso juu yake... "Mama?" Githaiga bado anangoja, kidole palepale, honi ya lori huko nje, anatazama mkono wangu hapa juu ya kaunta, unapinduka wenyewe, unapinduka tena, rudia mwanangu, polepole, leo sina haraka.